Geti Likifungwa, Nani Anabaki Nje?

(Maneno niliyoyasema Arusha kuhusu michezo bila mashabiki siku ugonjwa ukizuka, mbele ya wasimamizi wa viwanja, viongozi wa vyama vya michezo na vijana wanaojiandaa kujitolea kwenye AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika. Nimeyaandika kutoka kwenye karatasi zangu, salamu ndefu nimeziacha.)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Vijana mlioko nyuma, nanyi mambo? Naona mmekimbilia viti vya nyuma kama kawaida yenu, mistari miwili ya mbele mmeiacha mitupu. Ahsanteni, mmenipa mfano kabla sijafungua mdomo.

Nimetangaza mpira na riadha redioni kwa zaidi ya miaka ishirini, na leo nakiri kwamba mshahara wote ule nimeula kwa kufanya nusu ya kazi. Nusu nyingine inafanywa na jukwaa. Mpira ukigonga mwamba upande usiouona, jukwaa linakwambia. Umeinama kutafuta jina la mchezaji aliyeingia, mwamuzi akapuliza, jukwaa linakwambia ni penalti, tena linakwambia ni ya nani. Msikilizaji wa Namanga au Nachingwea hanisikilizi mimi tu. Anawasikiliza watu walio nyuma yangu, mimi kazi yangu ni kumfafanulia kelele.

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Agosti 2021 nilikuwa studio, macho mekundu, chai ya tatu mezani. Saa saba usiku kwetu, saa moja asubuhi Sapporo, marathoni ya wanaume ya Olimpiki ya Tokyo ilianza. Waandaaji walikuwa wameihamishia Sapporo, kaskazini kabisa, kukimbia joto la Tokyo, na hata huko joto liliwafuata: katika wakimbiaji 106 walioanza, 30 hawakumaliza. Wakazi wa mji walikuwa wameombwa wasije barabarani, kwa sababu ya Covid. Wengine walikuja hivyo hivyo, wakasimama kando na barakoa zao, wengi wao wakipiga makofi tu. Eliud Kipchoge wa Kenya alipowaacha wenzake kwenye kilomita ya thelathini hivi, nilisikia jambo ambalo sikuwa nimelisikia katika maisha yangu ya kutangaza marathoni. Nilisikia viatu.

Kipchoge alimaliza kwa saa 2:08:38, mbele ya aliyemfuata kwa sekunde 80. Nilidhani habari imekwisha. Nyuma yake walikuja watu watatu pamoja wakigombea medali mbili: Abdi Nageeye wa Uholanzi, Lawrence Cherono wa Kenya na Bashir Abdi wa Ubelgiji. Cherono alikuwa na nguvu bado, Bashir Abdi anaachwa. Nikasema hewani kwamba Kenya inachukua na medali ya pili, nikawa nimeshamvisha Cherono shingoni. Ndipo Nageeye, mtu anayekimbilia medali ya fedha ya Olimpiki, mita chache kabla ya utepe, akageuka nyuma. Akampungia mkono Bashir Abdi, akamwita. Akakimbia kidogo, akageuka tena, akamwita tena. Wawili hawa wote ni wazaliwa wa Mogadishu, marafiki, wanafanya mazoezi pamoja. Bashir Abdi akaitika ule wito kama mtoto aliyeitwa na kaka yake. Nageeye 2:09:58, Abdi 2:10:00, Cherono 2:10:02. Ikabidi nimvue Cherono medali hewani, na wasikilizaji wa Eldoret walinipigia simu hadi alfajiri.

Nimelifikiria tukio lile mara nyingi. Shabiki mmoja alipatikana siku ile, naye alikuwa mbioni. Tena nadhani kama pangekuwa na watu laki moja pale, sauti yake isingefika. Simbu, Mtanzania wetu, alimaliza wa saba, 2:11:35, na yeye hakuwa na wa kumwita.

Sasa nilichojia ni hiki. Mwaka 2027 nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, zitapokea Kombe la Mataifa ya Afrika. Nimeona michoro ya viwanja, nimeona mipango ya hoteli, ya barabara, ya usalama. Sijaona mpango wa siku ambayo daktari atasema watu wasiingie. Wapo wanaoona kuutaja ni kuita mkosi. Mimi naona mpango huo uandikwe sasa, wakati hatuna homa, kabla tiketi ya kwanza haijauzwa, na usainiwe na nchi zote tatu. Mkiusubiri ugonjwa uje, ugonjwa ndio utakaoandika.

Msiseme ni mambo ya Covid, yamepita. Januari 2025 sisi tulitangaza Marburg mkoani Kagera. Siku kumi baadaye Uganda wakatangaza Ebola, tena Kampala. Nchi mbili katika tatu za wenyeji, ndani ya mwezi mmoja, na Agosti mwaka uleule tulicheza CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, hapa kwetu, watu wamejaa. Milipuko yote miwili ilizimwa mapema, na walioizima ni watu wa afya, hakuna anayewaimbia nyimbo. Lakini hesabuni miezi wenyewe.

Nianze na Tokyo, kwa sababu pale walikuwa na kila kitu: fedha, nidhamu, muda. Michezo iliahirishwa Machi 2020, wakapewa mwaka mzima. Machi 2021 wakasema watazamaji kutoka nje ya Japani hawataingia, tiketi kama laki sita zilizouzwa nje zirudishiwe fedha. Nauli za ndege na hoteli, kila mtu na Mungu wake. Tarehe 21 Juni wakasema Wajapani wataingia, nusu ya uwanja, wasizidi 10,000. Tarehe 8 Julai, siku kumi na tano kabla ya ufunguzi, wakasema Tokyo na majirani zake hakuna mtu kuingia kabisa. Mapato ya tiketi waliyoyatarajia, kama yeni bilioni 90, yakayeyuka karibu yote.

Wengi walilaumu kufungwa kwa milango. Mimi silaumu hata kidogo. Tokyo iliingia hali ya dharura tarehe 12 Julai, na katikati ya Agosti mji ule ulikuwa unapata wagonjwa wapya zaidi ya 5,000 kwa siku moja. Ninacholaumu ni zile wiki mbili na nusu kati ya tarehe 21 Juni na tarehe 8 Julai. Unamwambia mtu njoo, anaomba ruhusa kazini, ananunua tiketi ya treni, anamwahidi mtoto, halafu unamwambia rudi. Mtu wa hivyo ukimnyima tangu mwanzo atanuna. Ukimpa halafu ukamnyang'anya hatakusamehe. Wajapani wenyewe walikuwa wamechoka kiasi kwamba Mfalme wao Naruhito alipofungua michezo, neno la kusherehekea lililozoeleka kwenye tamko lile halikuwemo, pakawekwa neno la kuadhimisha. Kampuni ya Toyota, mdhamini mkubwa, iliondoa matangazo yake ya Olimpiki kwenye televisheni za Japani. Shughuli ambayo mwenyeji hataki ionekane ameiandaa!

Kuna kitu kimoja cha uwanja mkuu wa Tokyo nakipenda, niwaibie dakika. Msanifu Kengo Kuma alichanganya rangi za viti: vyeupe, vya kijani, vya kijivu, vya kahawia, vimetawanywa kama mwanga unaopenya majani ya mti. Ukivitazama kwa mbali, au kwenye televisheni, unaona kama watu wamekaa. Alivichagua kabla ya ugonjwa, wala hakujua. Uwanja wa watu 68,000, usiku wa ufunguzi wamekaa watu elfu moja hivi, na kamera ikipita haraka unadhani umejaa. Hiyo ni hila nzuri kwa sababu haisemi uongo. Viti ni viti.

Hila nisiyoipenda ni ile ya kelele za mkanda. Ligi ya Uingereza iliporudi Juni 2020, televisheni ziliwekewa sauti za mashabiki zilizochukuliwa kwenye mchezo wa kompyuta. Tokyo nao walipiga kwenye spika kelele za Olimpiki zilizopita. Mimi ni mtu wa redio, sauti ndiyo shamba langu, na nawaambia: kelele ile inachelewa. Goli limeingia, kuna mtu amekaa kwenye kibanda anabonyeza kitufe, nusu sekunde baadaye watu wanashangilia. Msikilizaji hajui kwa nini, lakini roho yake inajua kuna kitu hakiko sawa. Ni kama kumpaka marehemu wanja. Afadhali Wajerumani, ambao walikubali ukimya. Tarehe 16 Mei 2020, Dortmund walipoifunga Schalke manne, wachezaji walikwenda mbele ya jukwaa lao la kusini, lile la mashabiki 25,000 wanaosimama, wakajipanga kwa kuachana nafasi, wakalishangilia jukwaa tupu. Hapakuwa na mkanda. Nilisikia hata mtu mmoja akikohoa, na mwaka ule kikohozi kilikuwa habari.

Ligi ile ya Wajerumani ilitufundisha jambo ambalo inafaa wenyeji wa AFCON walifahamu: miezi ile ya viwanja vitupu, timu ngeni zilishinda mara nyingi kuliko wenyeji. Ule msemo wetu wa mchezaji wa kumi na mbili si msemo tu. Lakini msiutegemee sana, maana Mei 2021 Simba ilikwenda Afrika Kusini kucheza na Kaizer Chiefs kwenye uwanja wa FNB, mtupu kabisa, hakuna wa kumzomea mtu, ikafungwa manne. Ilipofika zamu ya kwa Mkapa tukawafunga matatu, tukatolewa kwa goli moja. Mpaka leo kuna mtu wa Kariakoo ananiambia kosa ni la Covid. Nami humwambia kosa ni la mabeki.

Kuna waliosema, na naheshimu hoja yao, kwamba michezo bila watu si michezo, bora kufuta. Hawa walikuwepo kabla ya Covid. Mwaka 2014 Morocco, mwenyeji wa AFCON ya 2015, iliogopa Ebola iliyokuwa ikiua watu Guinea, Sierra Leone na Liberia. Ikaomba mashindano yaahirishwe. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikakataa. Morocco ikakataa kuandaa. Ikabaki miezi miwili tu, Guinea ya Ikweta ikajitokeza kuyabeba. Morocco ikapigwa faini na kufungiwa, ikakata rufaa kwenye mahakama ya michezo, adhabu ya kufungiwa ikaondolewa. Kinachonichekesha, kama ni cha kuchekesha, ni kwamba katika kipindi hichohicho Guinea, ambayo haikuruhusiwa kucheza kwao, ilikuwa inachezea mechi zake za nyumbani Casablanca, Morocco. Wachezaji wa Guinea walipokelewa. Kilichoogopwa ni mashabiki, ndege zilizojaa watu. Sasa mbona sikusikia aliyeweka mezani pendekezo la katikati, tucheze bila mashabiki wasafiri? Nadhani ni kwa sababu halikuwemo kwenye karatasi yoyote. Karatasi zilikuwa na maneno mawili tu: chezeni, au msicheze. Na Guinea ile isiyo na nyumbani ilifika robo fainali, tena kwa kuchaguliwa kwa kura ya bahati mbele ya Mali.

Kufuta kuna watu wake wanaoumia, ila hawaonekani. Nairobi ilikuwa iandae mashindano ya dunia ya riadha ya chini ya miaka 20 Julai 2020. Yakaahirishwa hadi Agosti 2021. Mnajua maana yake? Waliozaliwa 2001 wakawa wamepitwa na umri. Mwaka mmoja tu, na vijana wa dunia nzima wa mwaka ule wakatupwa nje, hakuna aliyewaandikia hata barua. Wangeyafuta kabisa, na wa 2002 nao wangepitwa. Wakenya wakasema tutakimbia, uwanja wa Kasarani utakuwa mtupu.

Kasarani ileile! Julai 2017, mashindano ya chini ya miaka 18, siku ya mwisho watu 60,000 walijaa. Nilikuwepo, nilitangaza nimesimama kwa sababu kiti changu kilikuwa na watu wawili. Agosti 2021 nilirudi, nikaweka begi kiti cha kushoto, jaketi kiti cha kulia, chupa ya maji kiti cha mbele. Mita 800 wavulana, kijana wa miaka 17 aitwaye Emmanuel Wanyonyi akatoka kama amefukuzwa, akamaliza kwa 1:43.76, rekodi ya mashindano yale. Walioshangilia ni makocha, wakimbiaji wenzake na wafanyakazi wa uwanja. Nilitaka kulia. Paris 2024 kijana huyo akawa bingwa wa Olimpiki, na Septemba 2025 akawa bingwa wa dunia, wapi? Tokyo, kwenye viti vya Kengo Kuma, safari hii vina watu. Kwa siku tisa walihudhuria zaidi ya laki sita. Na ni mlemle, tarehe 15 Septemba, Alphonce Simbu wetu aliingia anakimbizana na Mjerumani Amanal Petros, wakamaliza kwa muda mmoja, 2:09:48, picha ya mstari ikasema Simbu, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano yale. Mara hii nilimsikia kila mtu. Sikuhitaji kusema kitu, na kwa kweli sikusema, nilikuwa napiga kelele tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kucheza, hata mbele ya viti. Lakini nirudi nje ya geti la Kasarani, mwaka ule wa 2021, maana ndiko nilikoanza kufikiria hotuba hii.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta mama mmoja upande wa barabara ya Thika, ana beseni la mayai ya kuchemsha. Trei tatu, mayai tisini. Kachumbari ameikata usiku, iko kwenye ndoo ndogo ya rangi iliyooshwa vizuri, pilipili kwenye chupa ya soda iliyotobolewa kizibo. Nikamwuliza, mama, hujaambiwa hakuna watu leo? Akaniambia alisikia redioni kwamba dunia nzima inakuja Kasarani. Sehemu ya mashabiki hakuisikia. Nilinyamaza, kwa sababu najua tulivyokuwa tunasoma zile taarifa sisi wa redio: dunia inakuja kwa sauti kubwa, bila mashabiki kwa pumzi ya mwisho kabla ya tangazo la biashara. Nikala mayai mawili, nikanunua kumi ya wenzangu. Askari wa getini wakanunua. Dereva wa basi la timu akanunua. Kufikia saa sita alikuwa bado na zaidi ya hamsini, na jua la Nairobi si rafiki wa yai lililomenywa. Akaniambia, akifunika beseni, "Hii kimya ni kama ya matanga, na hata matanga watu hula."

Nikiutaja mpango, basi, sisemi barakoa na vitakasa mikono. Hayo wizara za afya zetu zinayajua kuliko mimi. Nasema iandikwe ni nani mwenye neno la mwisho la kufunga, na asiwe mtu anayeuza tiketi. Iandikwe ni siku ngapi kabla ya mechi neno hilo halibadilishwi tena, kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mimi ningesema thelathini, ninyi mnaweza kunirekebisha. Iandikwe nyuma ya tiketi yenyewe, kwa Kiswahili kinachosomeka, fedha inarudi vipi na kwa simu ya mtandao gani. Na mama lishe, wauza maji, wauza jezi na bodaboda wa kila uwanja waorodheshwe kama mnavyowaorodhesha wadhamini, ili siku hiyo ikifika wawe na mtu wa kuwapigia simu jioni iliyotangulia, kabla mayai hayajaingia kwenye sufuria. Hilo la mwisho halina gharama hata ya shilingi laki moja, na ndilo nililoambiwa ni gumu kuliko yote.

Tena msifunge kila kitu kwa pamoja kwa sababu tu ni rahisi. Tokyo ilipofunga, Miyagi na Shizuoka waliruhusu watu wachache, kwa sababu hali zao hazikuwa sawa. Kwenye Paralimpiki watoto wa baadhi ya shule waliruhusiwa kuingia. Sisi tuna nchi tatu na umbali mrefu. Mlipuko ukiwa mpakani Kagera, hakuna sababu Zanzibar isiwe na watu. Ila basi lijulikane kabla.

Na wageni wenyewe wapangiwe. Juni 2021 kundi la Waganda tisa wa Olimpiki lilitua uwanja wa ndege wa Narita, karibu na Tokyo, wamechanjwa, wamepimwa kwao, na mmoja akakutwa na virusi uwanjani pale pale. Huyo akabakizwa. Wanane waliobaki wakapandishwa basi moja hadi Izumisano, karibu na Osaka, safari ya mamia ya kilomita, na siku chache baadaye mwingine akakutwa navyo. Japani, nchi ya treni zisizochelewa, haikuwa imeandika nani anapanda basi na nani hapandi. Walirekebisha utaratibu baada ya hapo. Na sisi kwenye mipaka yetu, Namanga, Sirari, Mutukula, watu watakapovuka kwa mabasi na jezi zao?

Mwenyekiti ananionyesha saa, na harufu ya pilau nimeisikia tangu ukurasa wa tatu. Karatasi yenye rasimu ya mpango ninayo hapa, kurasa nne, nitaiacha kwa katibu, mwenye kalamu nyekundu aitumie. Maswali nayapokea. Naona mzee wangu wa kofia ya Yanga ameinua mkono tangu nilipowataja Kaizer Chiefs. Karibu, mzee, lakini la mabeki nimeshalijibu.